Namna ya Kupiga Picha Mashindano ya Ngoma Masasi na Newala Bila Kumkosa Mgeni Rasmi

Mashindano yaliyotangazwa kuanza saa tatu kamili asubuhi yataanza saa sita, kwa sababu mgeni rasmi anatokea Mtwara mjini na hakuna wa kumharakisha. Mpiga picha asiyejua mambo hufika saa moja na nusu. Anaukuta mwanga mzuri kuliko wote wa siku hiyo: jua la pembeni, ukungu wa Newala unainuka polepole juu ya mikorosho, vivuli vimelala virefu kwenye mchanga mwekundu. Hakuna anayecheza. Wapo vijana wawili wanafunga turubai na mama mmoja anafuta viti vya plastiki. Vipige picha viti hivyo sasa hivi, maana hutaviona tena vikiwa wazi.

Kama mashindano yameangukia Oktoba, pokea pole zangu. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, na hiyo maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na tarehe 21 Oktoba, jua la adhuhuri hukaa utosini barabara. Februari ni mvua na palizi, na hakuna mwenye akili timamu anayeitisha mashindano. Oktoba ndiyo yenyewe: mvua bado, korosho zinaelekea mnadani, watu wana mategemeo. Basi mgeni rasmi anashuka kwenye gari saa sita na dakika zake, jua liko katikati ya anga, na kila mchezaji anakuwa na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Ushauri wa kitaalamu ni kusubiri saa kumi jioni. Ila saa kumi mgeni rasmi ameshaondoka, na picha isiyo na mgeni rasmi haina mnunuzi.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa katika kazi hii. Umekuja kupiga picha za mgeni rasmi akitazama ngoma. Ngoma yenyewe ni mandhari ya nyuma. Anayekulipa ni halmashauri, na ripoti ya halmashauri inataka picha tatu: mgeni rasmi akipokelewa, mgeni rasmi akifurahi, mgeni rasmi akikabidhi kombe. Ya pili ndiyo ngumu. Meza kuu iko chini ya turubai, wachezaji wako juani. Ukipima mwanga kwa wachezaji, meza kuu yote inazama gizani na kubaki chupa za maji zinazometameta. Ukipima kwa meza kuu, wachezaji wanakuwa weupe wote na ngoma zao. Wapo wanaotumia flashi mchana kweupe kumwangazia mheshimiwa chini ya turubai, na hao ndio wanaoitwa tena mwakani.

Sasa swali la wapi usimame. Ngoma nyingi za huku asili yake ni duara, na duara halina mbele wala nyuma. Bibi anayecheza anamtazama mwenzake, mpigaji anaangalia miguu ya bibi, watazamaji wamezunguka na kila mmoja anaona mgongo wa mtu. Kwa mpiga picha huu ni msiba. Bahati nzuri Serikali ilitusaidia. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, miaka ile ile likaja kundi la ngoma la taifa, na sindimba ya Wamakonde ikapandishwa jukwaani Dar es Salaam. Jukwaani huwezi kumpa Rais mgongo. Duara likakatwa, likanyooshwa kuwa mistari miwili, wanaume na wanawake, wote wanatazama mbele na kutabasamu. Kisha ikashuka mashuleni, ikazunguka nchi nzima, na leo imerudi Newala ilikotoka ikiwa imenyooka hivyo hivyo. Ukiona kundi limepanga mstari na linatazama meza kuu, jua hao walifundishwa na mwalimu. Ukiona kundi limefunga duara na limesahau kama kuna meza kuu, hao hawatashinda. Lakini weka betri mpya.

Wenzetu wa dansi la ukumbini wana raha zao. Kule Blackpool, Uingereza, ambako wamekuwa wakishindana tangu 1920 ndani ya ukumbi wa Empress, wachezaji wanauzunguka ukumbi kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo mpiga picha anachagua kona, anakaa, na kila jozi inamletea sura zake bila kuombwa. Mwanamume amebandikwa namba mgongoni. Kuna taa, kuna sakafu ya mbao, hakuna mbuzi. Hata wazee wetu wa Tanga na Dar es Salaam wa miaka ya 1930, waliovaa suti na kucheza fokstroti na waltzi kabla dansi halijawa dansi hili tunalolijua, walimrahisishia mtu kazi: watu wawili, wameshikana, fremu moja, umemaliza. Huku kwetu kundi lina watu ishirini na wote wamevaa fulana za kampeni ya uchaguzi uliopita. Namba hakuna. Utamjua nani ni nani kwa kumsikiliza MC, na maikrofoni ya MC inapiga mluzi kila anapofika kwenye jina la kijiji.

Jina la kijiji lina umuhimu kuliko unavyodhani, na la kabila zaidi. Kwa watu wa Dar es Salaam, kila anayecheza ngoma kusini mwa Rufiji ni Mmakonde. Masasi kuna Wamakua na Wayao wengi, na Wamwera, na kila mmoja ana ngoma zake na maneno yake juu ya ngoma za jirani. Ukiwaandika Wamakua wa Masasi kuwa ni Wamakonde, utapigiwa simu na pande zote mbili: wa kwanza wakilalamika kunyang'anywa, wa pili wakilalamika kusingiziwa uchezaji ule. Hata tamasha la MaKuYa la Mtwara mjini, linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, limewapa wote watatu nafasi kwenye jina lake ili kuepusha shari. Fanya kama wao. Andika majina yote, uliza mara mbili.

Usidhani pia kwamba uchungu wa kushindwa umeletwa na kombe la halmashauri. Watu wa pwani walikuwa wanashindana kwa ngoma zamani. Ngoma ya beni ilipoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kushuka huku, miji iligawanyika pande mbili, na baadaye vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa sare, kwa vyeo vya kujipa na kwa karamu, hadi watu wakaingia madeni. Mshindi alijulikana kwa kelele za mtaa. Sasa kuna majaji watatu kwenye meza yao: afisa utamaduni, mwalimu, na mzee mmoja aliyeombwa aje kwa heshima, ambaye peke yake ndiye anayejua ngoma. Wanatoa alama za mavazi, ubunifu, kufuata muda, na ujumbe kwa jamii. Kundi lililoshindwa litakujia wewe. Watataka uwaonyeshe picha ya kundi lililoshinda, wathibitishe kwamba walicheza zaidi ya dakika kumi, au kwamba yule mtu wa tatu kutoka kulia si wa kijiji kile kabisa. Jibu ni moja na limejaribiwa: memori kadi imejaa, nilikuwa nimefuta.

Wakati risala inasomwa, wewe ondoka. Zunguka nyuma ya jengo, fuata moshi. Utawakuta wapiga ngoma wamewasha majani makavu na kuzielekeza ngoma zao motoni, kila mtu na yake. Mmoja anaizungusha taratibu ili ngozi isishike moto upande mmoja. Anaipapasa kwa kiganja, anaigonga kwa ncha za vidole, anainamisha sikio, anaona bado, anairudisha. Sauti inapanda kidogo kidogo: mwanzo ni nzito na imelegea, mwisho inakatika kavu. Kijana wa miaka kumi na miwili hivi anachochea majani na macho yanamtoka machozi. Hakuna anayekuangalia, hakuna anayejipanga, moshi umechuja lile jua baya la utosini likawa laini. Picha bora ya siku nzima iko hapa na hakuna atakayeinunua. Elewa pia kwamba risala ndiyo iliyowaleta hapa kwa mara ya pili. Ngozi hupoa na kulegea ikikaa bila moto, na risala yenye kurasa nne hupoza ngoma mbili. Ikifuatiwa na hotuba ya shukrani, zote zimekwisha.

Kuhusu sindimba na kasi ya shata, utaambiwa na kila kitabu: mwendo mkali, weka 1/500. Weka, uone. Picha itatoka safi kabisa, na ndani yake kuna mama mtu mzima amesimama ameinama kidogo kama anayesumbuliwa na mgongo. Kiuno cha sindimba kikigandishwa kinakuwa ni maradhi. Siri yake ni kwamba mchezaji mzuri anatulia kuanzia kifuani kwenda juu. Kichwa kinaweza kubeba ndoo. Kinachofanya kazi kiko chini. Basi shusha hadi 1/60, shika kamera imara, subiri uso utulie, bonyeza. Uso utatoka wazi, na kiuno kitayeyuka katika kanga. Mpelekee mhariri, atakwambia imetikisika. Mpelekee yule mama, atacheka hadi akae chini.

Wapo watakaokushauri ukate picha kuanzia kitovuni kwenda juu kwa ajili ya maadili. Hoja hii ina umri mkubwa. Sindimba ilipofika mjini miaka ya 1960 wapo walioona aibu kwamba viuno vile ndiyo utamaduni wa taifa, na ikapunguzwa punguzwa ili iwafae waheshimiwa. Ukikata hivyo utabaki na picha ya mama anayetabasamu bila sababu. Halmashauri inazipenda sana hizo. Zinafaa kwa kalenda.

Tufike kwa midimu, wale wa vinyago, na hapa utani upungue kidogo.

Kinyago kikiingia uwanjani watoto wanakimbia, na wewe pia utatamani. Kamera yako mpya, ile ya mamilioni, ina kipaji cha kutafuta jicho la mtu na kulishika. Vinyago vile vya kuvaa kichwa kizima, ambavyo vimezoeleka zaidi ng'ambo ya Ruvuma na huvuka mto vikitaka, vina macho mawili ya kuchongwa, na nywele za kweli zilizogandishwa kichwani. Kamera italishika jicho la mti na kukuonyesha kiboksi cha kijani kwa furaha kubwa. Wakati huo macho ya kweli yako chini, ndani ya mdomo wa kinyago, maana huko ndiko mchezaji anakochungulia. Yanakutazama, yanashangaa unapiga nini. Zima kipaji hicho. Lenga mdomo.

Halafu lipo suala la jina. Mdimu si mtu. Ni mgeni aliyetoka huko kwa waliotangulia, na mwili wake wote umefunikwa nguo, viganja hadi vifundo, ili asiwepo wa kuuliza ni nani. Halmashauri hailijui hili. Fomu yake ina mstari wa jina la mchezaji, umri, kijiji, na namba ya kitambulisho cha taifa, na nimemwona kijana wa ofisini akiifuata midimu na kalamu mkononi. Usiwe huyo. Utamfahamu, ni kweli. Kwa namna anavyokanyaga na mguu wa kushoto utajua kwamba ni fundi wako wa baiskeli. Mpige picha, kesho mpelekee baiskeli, lalamika bei kama kawaida, na usitamke neno. Chini ya picha andika Mdimu, Newala, basi. Na anapotoka uwanjani kwenda nyuma ya vibanda kuvua, lenzi yako ndefu iangalie upande mwingine. Kusema kwamba ulikuwa mbali hakutakusaidia, ilhali kila mtu ameona urefu wa lenzi.

Mdimu wa miguu mirefu, yule anayecheza juu ya miti akiwa juu ya mapaa, ana tatizo jingine: hafiki kwenye fremu. Utapata kichwa bila miguu au miguu bila kichwa. Dawa ni kurudi nyuma, ila ukiwa Newala geuza shingo kwanza. Mji uko ukingoni mwa uwanda, na pale Shimo la Mungu ardhi inakoma ghafla, kule chini unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji. Uwanja wa mashindano hauko hapo, lakini tabia njema hujengwa mapema. Masasi hakuna hatari hiyo. Masasi iko chini, joto zaidi, na nyuma ya kila kitu kuna ile milima ya mawe meusi inayochomoza yenyewe tu kutoka ardhini, mandhari ambayo mpiga picha mwingine angeilipia nauli. Kamati ya maandalizi imeliona hilo na ikatundika bango la mdhamini hapo hapo mbele yake.

Mambo ya jando na unyago hayahitaji maelekezo marefu: hukualikwa. Ngoma ya kutoka hadharani, watoto wamevaa nguo mpya na kuoshwa, piga utakavyo ukiruhusiwa. Kilichotangulia porini au ndani ya nyumba si chako. Kanisa lenyewe lilijifunza adabu hii. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, aliona heri jando lifanyike pamoja na Kanisa kuliko kupigana nalo, akaingia kwa mazungumzo na wazee. Askofu kabisa aliongea na wazee. Wewe una kamera tu.

Sasa kazi imekwisha, kombe limekabidhiwa, magari yameondoka na vumbi lake limekaa kwenye lenzi. Hapo ndipo atakapokujia bibi mmoja wa kundi la duara, lililotoka la tano kati ya matano.

"Mjukuu wangu, zile za mwaka jana ziko wapi?"

"Bibi, nitakutumia."

"Utanitumia wapi? Simu yangu kitochi."

Hili swali umeulizwa wewe, lakini deni limeanza mbali. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa, alipita huku Mjerumani Karl Weule kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Alizunguka Masasi, akapanda Newala, akaenda Mahuta, amebebewa na wapagazi sahani za vioo za kupigia picha, fonografu ya kunasa sauti kwenye nta, na mashine ya sinema ya kuzungusha kwa mkono. Alipiga watu picha, alinasa nyimbo, alirekodi ngoma zikichezwa. Kitabu kikatoka mwaka 1908, cha Kijerumani. Picha zikaenda Ujerumani, na mababu wa wacheza ngoma hawa wakabaki na habari kwamba walipigwa. Wewe ni mrithi wa kazi hiyo, na tofauti yako na yeye ni kwamba wewe unasema nitakutumia.

Kwa wale wachache wanaotaka kuharibu desturi hii, njia ipo na haina gharama kubwa. Nenda studio Masasi mjini kabla ya wiki kuisha, safisha picha zile za nyuma ya jengo, za moto na ngozi, na zile za kiuno kilichoyeyuka. Karatasi ya kawaida inatosha. Zipeleke kijijini Jumapili. Hapo utakutana na jopo la majaji ambalo hujawahi kulipata. Watazipitisha mkono kwa mkono, watazigeuza, watazisogeza juani. Ile uliyoipenda wataiweka pembeni bila neno. Watakwambia hapa mpigaji amechelewa, unaona mkono wake uko juu na mguu wangu umeshashuka. Watakwambia huyu hapa si mimi, ni mdogo wangu, mimi siinami hivi. Watakuuliza kwa nini umepiga kanga ya huyu kutoka nyuma, maneno hayasomeki, na alikuwa ameivaa makusudi kwa ajili ya fulani aliyekuwa amekaa upande ule. Ile ya mgeni rasmi akifurahi, uliyokuja nayo kwa bahati mbaya kwenye bahasha, watauliza ni ya nani na kwa nini hachezi.

Usiwatoze. Halmashauri nayo itakulipa, Mungu akipenda, mwaka wa fedha ujao. Mgeni rasmi akipiga simu kuulizia za kwake, bei ni elfu tano kwa moja, malipo kabla. Akiuliza kwa nini bibi amepewa bure na tena wa kwanza, mjibu kwa heshima zote kwamba itifaki imezingatiwa.